Kwa nini ngozi hulegea uzeeni ilhali mishipa ya damu hukakamaa? Swali kuhusu kolajeni na elastini

Kitindamimba aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina swali linalonisumbua tangu nilipompeleka mama yangu kliniki wiki mbili zilizopita, nami nimeona ni afadhali nilieleze kwa urefu ili atakayejibu ajue hasa ninatatizwa na nini.

Mama ana umri wa miaka 74. Daktari alipompima shinikizo la damu alipata 168 kwa 66, akatueleza kwamba namba ya juu imepanda na ya chini imeshuka kwa sababu mishipa mikubwa imekakamaa kwa umri, na kwamba nyuzi za kolajeni na elastini zilizomo katika kuta za mishipa hiyo hazifanyi kazi kama zamani. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, sikutaka kumchosha kwa maswali. Jioni ile, nikiwa nimeketi na mama, niliifinya ngozi ya mgongo wa kiganja chake, nikaiinua kidogo, nikaiachia. Mkunjo ulibaki umesimama kama tuta dogo, ukawa unashuka polepole. Nilihesabu mpaka nne kabla haujapotea. Nilipojifinya mwenyewe, nami nina miaka 38, ngozi ilirudi mahali pake kabla sijamaliza kutamka "moja". Mama alicheka, akasema ngozi yake siku hizi ni kama nguo aliyoazima kwa mtu mnene.

Hapo ndipo ninapokwama. Kila ninachosoma kinasema kwamba ngozi ya mzee hulegea kwa sababu kolajeni na elastini zimepungua. Kama protini hizo hizo ndizo zilizomo katika ukuta wa mshipa, nazo zimepungua, mbona mshipa haukulegea? Inawezekanaje upungufu mmoja ulegeze huku na ukakamaze kule? Tena, je, kolajeni ya mtu mzee ni ile ile ya ujana wake iliyochakaa, au ni mpya iliyotengenezwa vibaya? Naomba mwenye ujuzi anieleweshe.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu Kitindamimba, pole kwa kumuuguza mama. Nadhani neno moja ndilo lililokukwamisha, nalo ni "hupungua". Kupungua kupo, lakini ni sehemu ndogo tu ya habari. Habari yenyewe ni namna nyuzi hizi mbili zinavyogawana mzigo, na yanayotokea pale moja inaposhindwa na kumwachia mwenzake kazi yote.

Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini. Ni karibu theluthi moja ya protini yote tuliyo nayo. Molekuli yake moja ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba, yenye urefu wa nanomita 300 hivi na unene wa nanomita moja na nusu tu. Molekuli hizo hulala bega kwa bega, kila moja ikiwa imesogea kidogo mbele ya jirani yake, kisha hufungwa pamoja kwa vifungo vya kikemia hadi zikawa uzi, na nyuzi zikawa tita. Kazi ya kolajeni ni kukataa kuvutwa. Elastini ni kinyume chake: minyororo yake imejikunja ovyo, na hushikanishwa hapa na pale na vifungo viitwavyo desmosini, ambavyo kila kimoja huunganisha asidi amino (matofali yanayojenga protini) nne za aina ya laisini. Ukiivuta hurefuka, ukiiachia hurudi yenyewe bila seli kutumia nishati yoyote. Kwa lugha ya nyumbani, kolajeni ni kamba na elastini ni mpira.

Sasa tazama ukuta wa aota, yaani ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Katika sehemu ya kifuani kuna tabaka za elastini zipatazo 50 au zaidi, zikizungukana moja ndani ya nyingine, na kati yake zimelala nyuzi za kolajeni zilizojikunja mawimbi mawimbi. Moyo unapopiga, mshipa hupanuka kidogo, na upanukaji huo wa mwanzo hubebwa na elastini. Kolajeni bado iko huru, haijakazwa. Ni pale mshipa unapopanuka zaidi ndipo yale mawimbi yanaponyooka na kamba kusema basi.

Uzee huanza kuonekana upande wa mpira. Elastini karibu yote hutengenezwa kabla ya kuzaliwa na katika miaka ya mwanzo ya utoto, halafu utengenezaji hufifia mno. Watafiti waliochunguza elastini ya mapafu, kazi iliyochapishwa mwaka 1991, walikadiria kwamba kaboni iliyomo ndani yake hukaa kwa wastani wa miaka ipatayo 74 kabla ya kubadilishwa. Ndiyo kusema sehemu kubwa ya elastini aliyo nayo mama yako leo ni ile ile aliyotambaa nayo. Na moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka. Kwa miaka 70 ni mapigo yanayokaribia bilioni 2.6, na kila pigo huuvuta mpira huo na kuuachia. Tabaka hukatika, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, humega vipande, chumvi za kalsiamu hujikusanya juu ya mabaki.

Hapa ndipo lilipo jibu lako: mshipa nao hulegea! Aota ya mzee huwa pana na ndefu kuliko ya kijana, hata mara nyingine hupinda kwa kukosa nafasi. Lakini kwa kuwa imekwisha kupanuka, kolajeni yake imenyooshwa kabla pigo la moyo halijafika. Pigo linapokuja linakuta kamba iliyokwisha kukazwa. Ulegevu na ukakamavu ni tukio moja unalolitazama kutoka pande mbili. Kwenye kiganja cha mama uliona upande wa mpira uliokufa. Daktari kwa mashine yake aliona upande wa kamba iliyobaki peke yake.

Kamba yenyewe pia si ile ya ujanani. Katika miaka ya 1950 mwanafiziolojia Fritz Verzár, aliyefanya kazi Basel, alichukua nyuzi za kano (kamba zinazofunga misuli kwenye mifupa) za mikia ya panya na kuzipasha joto. Kolajeni ikipashwa joto hujikunyata; Verzár alitundika uzito kwenye uzi ili kuuzuia, akaona kwamba kadiri panya alivyokuwa mzee ndivyo uzito mkubwa zaidi ulivyohitajika. Nyuzi za wazee zilikuwa zimefungwa kwa vifungo vingi zaidi. Baadhi ya vifungo ni halali, hutengenezwa na kimeng'enya chenye shaba ndani yake, na bila hivyo tishu haina nguvu. Vingine ni vya kujipachika: sukari iliyo katika damu hugusana na protini, huambatana nayo bila kimeng'enya chochote, na baada ya miezi na miaka huzaa vifungo vya kudumu, kikiwemo kile kiitwacho glukosepani. Ni mmenyuko ambao Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Wenye kisukari wanaufahamu bila kujua, kwa maana kipimo cha hemoglobini iliyoshikwa na sukari, kinachoonyesha hali ya miezi mitatu iliyopita, husoma hatua za mwanzo za jambo hilo hilo. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 tu, kisha huondoka na sukari yake. Kolajeni haina bahati hiyo. Hukaa miaka mingi ikipokea.

Kuhusu swali lako la mwisho, kolajeni, tofauti na elastini, hubadilishwa maisha yote, kwa hiyo ya mzee ni mchanganyiko wa kuukuu na mpya.

Tabibu wa Viungo alijibu:

Nimemsoma Mwalimu kwa furaha, ila kwa heshima naomba nirekebishe sentensi yake ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayogusa kazi yangu kila siku. Kolajeni hubadilishwa maisha yote katika baadhi ya tishu. Katika nyingine karibu haibadilishwi kabisa.

Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa hewani, hasa kati ya mwaka 1955 na 1963, yaliongeza maradufu kiasi cha kaboni 14, yaani kaboni yenye mnururisho, katika hewa ya dunia nzima. Kaboni hiyo iliingia katika mimea, katika chakula, na katika miili ya watu wote waliokuwa hai, kisha ikawa inapungua hewani mwaka baada ya mwaka kwa mwendo unaojulikana. Kwa hiyo ukipima kaboni 14 katika kipande cha tishu, unaweza kusema kilitengenezwa mwaka gani, kana kwamba kimepigwa mhuri. Watafiti wa Denmark walifanya hivyo kwa kano ya kisigino na kuchapisha matokeo mwaka 2013: kiini cha kano hiyo kilionyesha kaboni ya miaka ambayo mwenye kano alikuwa mtoto na kijana, mpaka kama umri wa miaka 17, na baada ya hapo karibu hakuna kipya kilichoingia. Mtu wa miaka 60 anatembea juu ya kolajeni ya ujana wake.

Kwa gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio, ni hivyo hivyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalisema kwamba nusu ya kolajeni ya ngozi hubadilishwa kwa miaka 15 hivi, ilhali ya gegedu ingehitaji miaka 117, ambayo ni kama kusema kamwe. Ndiyo maana gegedu la mzee, likifunguliwa kwenye upasuaji, lina rangi ya manjano inayoelekea kahawia badala ya weupe wenye kung'aa. Rangi hiyo ni ya vile vifungo vya sukari alivyovitaja Mwalimu. Vikizidi, gegedu huwa gumu na lepesi kuvunjika, halinyumbuki linapobebeshwa mzigo. Mfupa nao hupatwa na jambo la jinsi hiyo: kipimo cha madini kinaweza kuonyesha kiasi kile kile, lakini kolajeni iliyofungwa mno haiwezi tena kufyonza mshindo, na mfupa huvunjika kwa urahisi zaidi.

Wagonjwa wangu hupenda kusema "kano zangu zimekauka", nami huwa siwabishii sana, ingawa si maji yaliyokauka. Nisingependa hata hivyo mtu asome haya na kuamua kukaa kitini. Kiini cha kano hakibadilishwi, lakini kano kwa jumla bado hujibu mazoezi ya kubeba uzito hata kwa watu waliovuka miaka 65; huwa imara zaidi ndani ya miezi michache. Kinachopungua ni kasi ya kupona, na ndiyo sababu mzee huanza na uzito mdogo na kupanda taratibu.

Ngozi na Nuru alijibu:

Kuhusu ngozi kuna jambo ambalo wenzangu hawajaligusa, nalo linavuruga kidogo picha ya mpira na kamba. Robo tatu hivi ya uzito mkavu wa ngozi ni kolajeni, na elastini ni asilimia 2 hadi 4 tu. Asilimia hizo chache ndizo zinazourudisha mkunjo wako mahali pake.

Katika ngozi isiyopigwa na jua, kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka katika utu uzima, na kwa wanawake kasi huongezeka ghafla baada ya ukomohedhi; vipimo vimeonyesha upungufu unaofikia asilimia 30 katika miaka mitano ya kwanza, kisha kasi hutulia. Lakini jua ni kisa kingine. Miale ya urujuanimno huziamsha seli za ngozi zitoe vimeng'enya vya kukata kolajeni. Kolajeni inapokatika, seli zinazoitengeneza, yaani fibroblasti, hukosa pa kujishikiza. Seli hizi hufanya kazi zikiwa zimejinyoosha, zimeng'ang'ania nyuzi imara pande zote. Nyuzi zikikatika, seli hujikunja, hutengeneza kolajeni kidogo zaidi, na kibaya zaidi huongeza vile vimeng'enya vya kukata. Uharibifu unauzaa uharibifu mwingine, na jua hata halihitajiki tena kuuendeleza.

Na sasa ajabu yenyewe: ukitazama kwa hadubini ngozi ya shingo au uso iliyopigwa na jua kwa miongo mingi, utakuta madutu mengi ya elastini kuliko katika ngozi ya kijana. Si kwamba imepungua, imelundikana. Ni mabonge yaliyovimba, yasiyo na mpangilio, yasiyovutika wala kurudi. Kwa hiyo kusema tu kwamba elastini "imepungua" kunaweza kuwa kosa hata kwa hesabu.

Ndugu Kitindamimba, rudia jaribio lako upande wa ndani wa mkono wa mama, karibu na kwapa, mahali ambapo nguo imefunika maisha yote, kisha ulinganishe na mgongo wa kiganja. Tofauti utakayoiona ni ya jua; kile kinachofanana ni cha umri. Hakikisha tu amekunywa maji ya kutosha siku hiyo, maana mtu aliyepungukiwa maji naye mkunjo wake huchelewa, awe mzee au mtoto.

Kitindamimba aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimefanya jaribio kama nilivyoelekezwa: ndani ya mkono, karibu na kwapa, mkunjo ulishuka kwa kuhesabu mbili, na ngozi ni laini kiasi kwamba mama mwenyewe alishangaa, akasema hajawahi kuitazama.

Nina mawili zaidi. Kaka yangu amemletea unga wa kolajeni wa kuchanganya na kinywaji, pamoja na krimu inayosemwa ina kolajeni ndani. Je, vitu hivi hufika vinakotakiwa kufika? Na la pili, Mwalimu, bado sijaelewa namba ya chini. Kama mshipa umekakamaa, ningetarajia namba zote mbili zipande. Kwa nini 66?

Mpenda Ushahidi alijibu:

Nianze na krimu kwa sababu haina mengi. Molekuli nzima ya kolajeni ni kubwa mno kupenya tabaka la juu la ngozi. Hubaki juu, huzuia maji yasipotee, na ngozi huhisi laini mpaka ioshwe. Huo ni ulainishaji, na mafuta ya kawaida huufanya pia. Dawa za kupaka zenye ushahidi wa kuongeza kolajeni ya ngozi ni zile za jamii ya vitamini A, hasa tretinoini, ambazo huhitaji uangalizi wa daktari na hufanya kazi kwa miezi, si kwa siku.

Kuhusu unga wa kunywa, ni lazima niwe mwadilifu pande zote mbili. Wanaosema kwamba tumbo huivunja yote kuwa asidi amino hawako sahihi kabisa, kwani vipande vidogo vya asidi amino mbili, kama prolini iliyoungana na hidroksiprolini, huonekana katika damu baada ya kunywa. Baadhi ya majaribio yameonyesha ngozi kuwa na unyevu zaidi na kunyumbuka kidogo zaidi. Lakini mengi ya majaribio hayo ni madogo na yamegharimiwa na wanaouza unga wenyewe, na mimi nikisoma jaribio ambalo mwamuzi ni ndugu wa mchezaji huwa napunguza nusu ya furaha yangu. Hata tukiyakubali yote, hayahusu elastini ya aota. Hakuna unga unaoijenga upya.

Vitamini C inahitajika kweli, kwa kuwa bila hiyo vimeng'enya haviwezi kuandaa minyororo ya kolajeni isokotwe ikae. Ndiyo maana wenye kiseyeye hutokwa damu kwenye ufizi na makovu ya zamani hufunguka. Ila aliyetosheka nayo hapati kolajeni zaidi kwa kuongeza vidonge. Kulikuwa pia na dawa iliyokusudiwa kukata vile vifungo vya sukari, alagebriumu, iliyofikia kujaribiwa kwa binadamu, lakini maendeleo yake yalisimama na haikuwahi kuidhinishwa. Kinachobaki mikononi mwetu ni mambo yasiyouzika vizuri: kukinga ngozi na jua, kutovuta sigara, kudhibiti sukari na shinikizo, na kutembeza mwili.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Kwanza namshukuru Tabibu kwa marekebisho, nilijumlisha mno.

Kuhusu 66. Aota ya kijana hufanya kazi mbili. Moyo unaposukuma, hupanuka na kuweka akiba ya sehemu ya damu ile, kwa hiyo namba ya juu haipandi sana. Moyo unapopumzika, mpira hurudi na kuisukuma ile akiba mbele, kwa hiyo shinikizo halianguki sana kabla ya pigo linalofuata. Mshipa uliokakamaa hauweki akiba. Damu hupita kwa kishindo na namba ya juu hupaa. Kisha moyo unapopumzika hakuna kinachosukuma, na namba ya chini huporomoka. Sababu ni moja, ila huzivuta namba mbili pande tofauti. Ndiyo maana kwa watu wengi namba ya juu huendelea kupanda kadiri umri unavyosonga, ilhali ya chini hupanda mpaka miaka ya hamsini hivi, kisha huanza kushuka.

Kuna na lingine. Wimbi la pigo husafiri haraka zaidi katika mshipa mgumu: kwa kijana ni kama mita 5 kwa sekunde, na kwa mzee huweza kuvuka mita 10. Wimbi hilo hugonga matawi ya mbali na kurudi moyoni. Kwa kijana hurudi likiwa limechelewa, moyo ukiwa umekwisha kupumzika, nalo huisaidia namba ya chini. Kwa mzee hurudi mapema, moyo ukiwa bado unasukuma, nalo hujumlishwa kwenye namba ya juu.

Mishipa inayolisha moyo wenyewe hupata damu yake nyingi wakati moyo umepumzika, yaani wakati wa ile namba ya chini. Kwa hiyo daktari wa mama ana kazi ya kushusha 168 bila kuididimiza mno 66, na atataka kujua mambo ambayo mashine haimwambii. Mkirudi kliniki, mwelezeni kama mama huona kizunguzungu anapoinuka kitandani asubuhi, na ombeni apimwe akiwa amekaa, kisha tena akiwa amesimama kwa dakika moja hadi tatu.